Neno Nililobadilisha Kanoni

Kosa ni langu. Wengi wamemlaumu mwenye blogu kwa sababu jina lake lilionekana. Langu halikuonekana popote, na ndiyo maana naandika haya, moyo upate kupumua.

Mimi ni mwanamke, kwetu Muleba. Nimeajiriwa na kampuni ndogo inayonunua kahawa huku Karagwe na Kyerwa, na kazi yangu ni kutangaza. Natafuta mkulima mwenye kisa kizuri, nakiandika, namtumia mwandishi wa gazeti au mwenye blogu, kisha nabembeleza: kaka yangu, hebu itazame hii, itasomwa. Wengi hawajibu. Unaona tiki mbili za buluu, kasoma, kanyamaza. Ukikaa hivyo miezi kadhaa, unaanza kuwa tayari kufanya lolote ujibiwe.

Mzee huyu nimwite Tito, si jina lake. Nilimkuta kwake Kanoni msimu wa mavuno. Nikamwamkia shikamoo, akauliza kwetu wapi, nikamwambia. Papo hapo akamwita mkewe alete kikapu cha kahawa ya kutafuna. Huku kwetu, ukipewa punje zile umeshakuwa mtu wa nyumbani. Tukatafuna, nikaweka daftari pembeni, naye akanisimulia jambo lake.

Baba yake alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, hana kitu. Mnyambo mmoja, mwenyeji wa pale Kanoni, akampenda, wakanywana. Walipasua tunda la kahawa, zile punje mbili za ndani kila mmoja akapaka yake damu, wakabadilishana, wakameza. Tangu siku hiyo wakawa wanywani, yaani ndugu wa damu. Yule Mnyambo akamkatia kibanja, shamba la kujenga na kulima, kama unavyomkatia mdogo wako wa tumbo moja.

"Hapa kila mtu analijua hilo, mwanangu," mzee akaniambia. "Ila hatulisemi. Nani anasema ndugu yake alianza kuwa ndugu lini?"

Nikaitikia, na nilimwelewa kabisa.

Nikaandika habari yangu, na neno mnywani nikaliweka. Mwenye blogu mmoja wa Dar, ambaye alikuwa hajawahi kunijibu, siku hiyo akajibu. "Dada, kisa kizuri, lakini mnywani ndiyo nini? Watu hawatalielewa. Tafuta neno lenye mvuto."

Mimi ni Mhaya jamani. Neno hilo nimelikuta kwa bibi yangu. Ningelieleza kwa sentensi moja likaeleweka. Badala yake nikalifuta, nikaandika "mkimbizi aliyehifadhiwa". Sikumpigia mzee kumuuliza. Niliogopa tu yule wa Dar asije akanyamaza tena.

Habari ikatoka na picha ya Mzee Tito katikati ya mibuni aliyopanda baba yake. Bosi akanisifu kwenye grupu la kazini. Nilitembea siku nzima nimevimba kichwa.

Haikupita muda ikafika Kanoni kwenye simu ya Deus. Huyu ni mjukuu wa yule Mnyambo, na tangu utoto alikuwa akimwita Tito baba mdogo. Akaenda na simu yake kwa mwenyekiti wa kitongoji. "Someni wenyewe," akasema. "Babu alimhifadhi tu baba yake Tito. Anayehifadhiwa hupewa pa kulala, hapewi shamba."

Mzee akaitwa kwenye kikao. Karatasi hana, na walioshuhudia kunywana wote wamekwisha kufa. Akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uwaambie ni neno gani nililokwambia."

Hapa ndipo ninapojichukia. Bosi alikuwa ameshanionya nisiingize kampuni kwenye kesi za ardhi. Nikamwambia mzee niko safarini Bukoba. Nilikuwa Rubwera, nimekaa kwenye benchi la duka, nakunywa soda. Bodaboda wamejaa mbele yangu. Ningefika kabla kikao hakijaisha.

Kikao kikamwelekea Deus, na mzee hakushindana. Majirani walimwambia aende mbele zaidi kudai haki, akasema, "Nimshtaki mtoto wa kaka yangu?" Akabaki na nyumba, migomba na makaburi ya wazazi. Sehemu ya chini yenye mibuni akamwachia Deus. Na Deus siku hizi hamwiti baba mdogo. Anamwita mzee, kama anavyomwita mtu yeyote anayepita njiani.

Nilimwomba mwenye blogu arekebishe, akarekebisha. Haikusaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwishowe nikaenda mwenyewe. Shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote, hata uongo wa Bukoba, hata soda. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia."

Kisha akamwita mkewe, akamnong'oneza. Mama akatoka. Moyo wangu ukapata nafuu, nikajua kikapu kinakuja. Akarudi kutoka dukani na soda ya baridi, akaifungua, akaiweka mbele yangu juu ya kigoda.

"Kunywa, mgeni wetu," mzee akasema.

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Nilikunywa yote huku machozi yananitoka, kwa sababu kuiacha ingekuwa kumkosea tena. Kikapu nilikiona. Kilikuwa kwenye kona yake ileile, na sikuwa na haki ya kukiomba.

Wewe unayebeba habari za watu, ukipewa neno na mtu mzima, lifikishe kama lilivyo. Usilibadilishe kwa sababu mtu wa mbali halielewi. Wa mbali atalisoma na kulisahau kabla ya chakula cha mchana. Wa jirani atalibeba alipeleke kwa mwenyekiti.