Kisa Asichokisimulia Kapteni Urbanus

Kila Kapteni Urbanus anapokuja likizo kwao Kilosa, ndugu humtaka aanze na waongoza ndege wa ng'ambo. Naye anajua kuwaigiza! Anabana pua, maneno yanamruka mdomoni kama bisi, kisha anafoka: "Zunguka tena! Subiri! Nimeshakuambia!" Shangazi yake Magdalena hucheka mpaka khanga inamlegea. Miaka kadhaa Urbanus alirusha ndege za mizigo huko, akizungushwa angani huku mafuta yakipungua, akikemewa kila alipoomba kurudiwa maneno. Anavyosimulia, utadhani watu hao walizaliwa kwa ajili ya kumtesa yeye tu.

Kisa kimoja hakisimulii.

Asubuhi moja huko ng'ambo walikuwa wameshatua, wanaelekea maegesho. Rubani wake msaidizi, Aneth, binti wa Dumila, ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege pale chini. Urbanus alishika redio. Mwongoza ndege akamwaga maneno yake. Urbanus hakuambulia kitu. Ila alikuwa ameshakaripiwa asubuhi ile ile, na kwao Kilosa mtoto aliyelelewa vizuri hamwombi mkubwa aliyekasirika arudie. Huitikia, mengine atajua mbele kwa mbele. Akaitikia kwamba wamesikia.

"Kapteni, tuulize tena," Aneth alisema. "Nadhani anataka tusimame."

"Nimemsikia. Vuka."

Wakaikata njia ya kurukia wakati ndege ya abiria inashuka. Ile ndege ikapaa tena ghafla, ikapita juu ya vichwa vyao kwa kishindo kilichotikisa viti.

Ofisini kwa kampuni yao waliulizwa nani alikuwa akiendesha.

"Aneth," Urbanus akajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na ulikuwa uongo mtupu. Aneth alimtazama, akangoja mtu mzima amalizie maelezo yake. Hakumalizia. Binti akafukuzwa kazi.

Siku hizi Urbanus anarusha ndege ndogo za watalii. Wiki iliyopita alitua Mikumi, na aliyekuja na gari la hoteli kupokea wageni alikuwa Aneth.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba," akasema.

Aneth hakumlaumu. Alimweleza tu kwamba kuna kampuni ya ndege imemwita kwenye usaili, na kwamba watampigia yeye Urbanus simu kuulizia kazi yake ya zamani. "Ukinisemea vizuri, baba, nitarudi angani." Kisha akainama, akabeba mabegi ya wageni. Urbanus aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Simu ilimkuta Kilosa, sebuleni kwa shangazi, kicheko kimepamba moto. Ilikuwa sauti ya mzee, ya upole, isiyo na haraka yoyote.

"Aneth ametuambia kosa lilikuwa lake, na kwamba amejifunza. Wewe unasemaje?"

Angeitikia tu, yangeisha.

"Si kweli," akasema. "Aliniambia tuulize, nikakataa. Redio nilishika mimi."

Pale sebuleni shangazi aliacha kucheka.

"Unajua leseni yako itachunguzwa?"

"Najua."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

Urbanus alitaka kuwasingizia wale watu wa ng'ambo, kama alivyozoea: ukali wao, haraka zao, lafudhi zao. Lakini wao hawakuwepo ofisini siku ile.

"Niliogopa, mzee," akasema. "Nikamwacha mtoto wa watu aubebe mzigo wangu."