Bado na Hai Fai

Ndugu yangu mkubwa alipokufa aliacha maneno aliyoyaandika kwa chaki juu ya mota mbili kuukuu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuyaelewa.

Sote wawili tulifanya kazi katika karakana moja ya mbao hapa Eldoret, mji ambao siku zile tuliuita Sisibo. Mwenye karakana alikuwa mlowezi aliyekaa shambani kwake na kuonekana mjini mara chache. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa fundi mkuu, Kalasinga wa makamo, ambaye alizijua mbao kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, lakini umeme aliuogopa. Umeme ulikuwa wa ndugu yangu. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kutazama na kwa kupigwa shoti. Mimi nilipakua mbao zilizotoka Kaptagat, na nilipokosa kazi nilimshikia taa.

Mwaka huo ziliwasili kwa treni mashine mpya mbili, randa na msumeno. Zile za zamani ziling'olewa, vyuma vyake vikarundikwa chini ya banda la nyuma pamoja na mota zake. Ndugu yangu aliomba aachiwe mota hizo. Alitaka moja aifunge kwenye jiwe la kunolea, maana jiwe hilo lilikuwa likizungushwa kwa mkono, mtu mmoja akizungusha na mwingine akinoa, na wote wawili wakilaumiana. Alizipima, akaziandika kwa chaki. Kisha mvua zikaanza, akashikwa na kifua, na wiki mbili hazikuisha.

Tulimzika kwetu, magharibi. Baada ya matanga nilirudi mjini pamoja na shemeji yangu, mke wa marehemu, na watoto wao wawili, kwa kuwa vitu vyao vyote vilikuwa bado katika chumba cha mabati nyuma ya karakana. Chumba hicho kilikuwa cha fundi wa mashine. Asubuhi ya kwanza, Jumanne, fundi mkuu aliniita kando.

"Pole sana," alisema. Alisugua mikono yake kwa muda. "Ndugu yako aliniambia mota moja iko mzima. Moja. Ijumaa lori inakuja kuchukua hiyo vyuma yote. Kama jiwe inazunguka kabla ya lori, wewe unashika kazi yake, na mama ya watoto anakaa kwa chumba. Kama haizunguki, nitatafuta mtu ingine, na yeye atataka chumba."

"Ni ipi iliyo nzima, Bwana Fundi?"

"Wewe ndio ndugu yake," alisema, akarudi kwenye mbao zake.

Nilikwenda bandani. Mota ya kwanza iliandikwa BADO. Ya pili iliandikwa HAI upande mmoja wa ukingo wa chuma uliopita katikati ya mgongo wake, na FAI upande wa pili. Nilikaa juu ya gogo nikazitazama. Shule nilisoma miaka minne, na sikuwahi kufikiri kwamba maneno madogo kama hayo yangeweza kunishinda.

Rafiki yangu mmoja, Mnandi aliyesukuma mbao kwenye msumeno, alikuja kutazama pamoja nami.

"Hii ya bado ndiyo nzima," alisema. "Bado iko, bado inafanya kazi."

"Ama bado hajaipima."

"Babu yangu ukimwuliza kama amekufa, atakwambia bado. Na huyo ni mtu mzima kabisa."

"Na ukimwuliza kama amepona mguu?"

Alifikiri. "Pia atasema bado."

Ile nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Yeye aliisoma "haifai" moja kwa moja, akashangaa kwa nini ninasumbuka. Lakini mimi niliona uwazi ule. Mashine yenye nguvu ndugu yangu aliiita hai; iliyoharibika aliiita imekufa. Kwa hiyo labda aliandika kwamba iko hai, inafaa. Halafu nikakumbuka barua zake, zile nilizomsomea mama yetu nyumbani kabla sijaja mjini. Aliandika "ha tuja mbo" na "ni na kuja mwezi u jao." Aliyakata maneno popote alipopumua. Uwazi wake haukuwa ushahidi wa kitu chochote, na tena hapo palikuwa na ukingo wa chuma wa kuruka.

Mchana nilimwuliza shemeji. Alikuwa akichambua mboga mlangoni.

"Alikwambia nini juu ya zile mota?"

"Alisema juu ya mota kila siku, shemeji. Ningeshika ya siku gani?"

"Hata neno moja?"

"Nilikuwa nikimwambia anawe mikono," alisema, akainamia mboga zake, nami nikaondoka.

Nilichagua BADO. Siwezi kudanganya kwamba nilikuwa na sababu. Neno lenyewe lilinipa moyo, basi. Jumatano nzima niliifungua. Ndani vumbi la mbao lilikuwa limeshikana na grisi likawa gumu kama ukoko wa ugali. Nilikwangua, nikaosha beringi kwa mafuta ya taa, nikatia grisi mpya. Niliipima kwa balbu kama nilivyomwona akifanya, lakini yeye alijua anatafuta nini, mimi nilikuwa nikitazama balbu tu. Alhamisi asubuhi niliifunga kwenye jiwe kwa mkanda, nikabonyeza swichi.

Iliunguruma bila kuzunguka. Ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, halafu fyuzi zikakatika na karakana yote ikasimama. Sikuwahi kusikia kimya pale mahali. Kuku wa majirani walisikika. Fundi mkuu alitoka na kipande cha mbao mkononi, akaitazama mota, akanitazama mimi.

"Hiyo moja," alisema.

"Sasa imekufa," rafiki yangu alisema kwa sauti ya chini. "Haisemi bado tena."

Nilicheka. Ndugu yangu hakuwa na mwezi kaburini, nami nilisimama mbele ya mota niliyoiunguza, nikacheka, na hadi leo sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Ijumaa lori lilikuwa tayari limeingia uani nilipokuwa nikikaza skrubu za mwisho za ile HAI FAI. Sikuomba Mungu. Niliogopa kuomba, nisije nikaonekana ninamdai kitu baada ya yale yaliyotokea. Nilibonyeza swichi, na jiwe likazunguka.

Lilizunguka kinyume. Maji ya kunolea yaliruka yote kifuani kwa mzee wa kunoa.

"Hii inanoa ama inaogesha?" aliuliza, akijipangusa ndevu.

Hapo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, mikono yangu ilijua la kufanya. Nilizima, nikabadilisha nafasi za waya mbili kama ndugu yangu alivyokuwa akifanya, nikawasha tena. Jiwe likaenda sawasawa. Fundi mkuu alichukua patasi, akainoa taratibu, akajaribu makali yake juu ya ukucha.

"Sawa," alisema.

Watu wa lori waliniita niwasaidie kuinua vyuma. Mota ya BADO niliinyanyua mimi na mtu mwingine. Iliposhuka ndani ya lori, chaki ilikuwa imehamia mkononi mwangu, herufi zimegeuka na kufutika nusu.

Jumamosi baada ya kazi nilikwenda kumwambia shemeji kwamba chumba kimebaki. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa akipanga vitu vya marehemu kwenye sanduku, akanipa mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na waya wa shaba, mpya, mwembamba, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa gazeti.

"Aliuleta wiki ile alipoanza kukohoa," alisema. "Alisema ni wa ile ambayo bado."

Niliushika. Kumbe alikuwa hajaimaliza. Alitaka kuisuka upya kwa waya huu, na mimi nikaichoma, kisha nikaipakia mwenyewe kwenye lori. Lakini jiwe lilihitaji mota moja tu. Hiyo ya pili alikuwa akiitengenezea nini? Nilimwuliza shemeji. Hakujua. Nimewauliza wengine pia tangu siku hiyo.

"Angalau chumba kipo," nilimwambia.

"Mlipokuwa mkikishindania, wewe na Kalasinga," alisema, "nani aliniuliza kama nataka kukaa?"

Ilikuwa kweli. Wiki nzima nilibeba chumba kile kichwani kama mzigo wake, wala sikumwuliza.

"Basi unataka kurudi nyumbani?"

Alifunika mkebe, akaukandamiza mfuniko kwa kiganja mpaka ukashika.

"Bado," alisema.

Nilitaka kumwuliza bado ya namna gani. Lakini watoto waliingia wakitaka chai, akaniuliza kama nami nitakunywa, nikasema ndiyo.