Blanketi la Simba na Majina Yangu Matatu

Juzi niliingia sokoni hapa Geita na binti yangu wa miaka minne kutafuta mashuka. Ungetuona ungecheka. Mimi niliangalia rangi na bei, yeye alitumia shavu. Kila shuka nililomnyooshea alilibandika shavuni, akasubiri kidogo, kisha akalisukuma mbali. Mwenye duka, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na subira nyingi, alishusha bunda baada ya bunda. "Hili satini, mama, linateleza lenyewe," akasema. Binti yangu akajificha nyuma ya gauni langu. Kliniki walishaniambia kwamba ngozi yake inahisi kila kitu kupita kiasi, na hali hiyo ina jina refu ambalo mpaka leo nalitamka kwa kujikwaa. Lakini jina halimlazi mtoto. Alikuwa halali, na mimi silali, na nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Nikiwa pale nimeshika pindo la lile shuka, nikamkumbuka bibi.

Nililelewa na mama yangu na bibi mzaa baba huko Kishapu, baba akiwa machimboni huku Geita. Msimu wa pamba nyumba yetu ilijaa mpaka tukapita ubavu ubavu. Watoto tulikaa chini kuchambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, tukitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyotugandia menoni. Nililala kitanda kimoja na bibi, juu ya khanga yake ya zamani iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika. Nilikuwa mtoto wa ajabu kidogo. Kola ya shule ilinitoa machozi, na mshono wa soksi ulinichelewesha kila asubuhi. Ila kwenye ile khanga nililala fofofo.

Basi baba akarudi likizo na blanketi. La manyoya, zito, lenye picha ya simba mkubwa. Majirani walikuja kulishika. Lilikuwa kitu cha kwanza baba kununua tangu shimo lao litoe dhahabu, na alisema wazi kwamba ni la binti yake. Nikapewa kitanda changu mwenyewe, simba juu yangu. Baba akarudi Geita, na usiku wa kwanza chini ya simba nikaanza kulia.

"Linanichoma," nilisema. Wakalikung'uta, wakalianika uani, wakatafuta kunguni na miiba. Hakuna kitu. Jirani yetu, mama mmoja asiyekosa la kusema, ndiye aliyetoa hukumu: "Huyu mtoto analilia jina."

Kwetu Wasukuma hilo si jambo la kubeza. Mtoto akilia bila ugonjwa, huenda kuna mzee wa ukoo aliyetangulia anayetaka kuitwa kupitia kwake. Bibi akanipakata, akanilowesha paji la uso kwa maji na kunipa jina la mama yake. Nikanyamaza papo hapo. Ningekosaje kunyamaza na nilikuwa juu ya khanga? Wakapiga vigelegele. Jioni wakanirudisha chini ya simba, nikaangua kilio upya. Wakasema, basi si huyo, ni mwingine. Nikapewa la pili, la shangazi yake babu. Nikanyamaza mapajani, nikalia kitandani. Mama alikonda kwa kukosa usingizi, akaanza kuogopa kwamba atanizika.

Siku ya jina la tatu kulikuwa na kibaridi cha asubuhi, na mama, kwa heshima ya shughuli, akanifunika lile blanketi nikiwa mapajani kwa bibi. Nilipiga kelele hata kabla jina halijatajwa. Bibi akalitoa blanketi, nikatulia. Akalirudisha, nikalia. Akalitoa tena. Akanitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Ng'wana wane," mwanangu, akasema, "wazee tumewasumbua bure."

Furaha ya mama haikudumu. "Sasa baba yake tutamwambia nini?" akauliza, maana mwanaume ametoka shimoni na zawadi, nayo inakataliwa na mtoto. Bibi alimwambia aliache jambo hilo kwake. Baba alipokuja alilikuta blanketi kwenye kitanda cha mama yake. "Nimemnyang'anya mtoto," bibi akasema bila haya. "Mifupa yangu inataka joto." Baba akacheka, akasema angejua angeleta mawili. Na ili neno lake lisimame, bibi alijifunika lile blanketi kila baba alipokuwa nyumbani, hata kwenye lile joto letu la kabla ya mvua. Asubuhi tulimkuta amelowa jasho, akisema amelala vizuri.

Mimi alinishonea godoro dogo. Alifumua khanga zake mbili kuukuu, akaziunganisha huku mishono akiiacha nje, akalijaza pamba safi aliyoichambua mwenyewe, akitoa kila jani kavu na kila mbegu, akipitisha kidole mara mbilimbili. Mtu mwingine hakuruhusiwa kugusa ile kazi.

Kwa hiyo nilimshukuru yule mzee wa mashuka, nikamshika binti yangu mkono tukaenda kwenye mtumba. Jirani yangu hapa Geita alinigunia, eti mtu mwenye kazi yake anamlaza mtoto kwenye nguo za watu. Niguniwe tu. Tulichagua shuka la pamba lililopauka, binti yangu akaliweka shavuni na hakuliondoa. Nimeligeuza, mishono iko nje. Analala.

Bibi hayupo siku hizi, wala zile khanga. Hata pamba, wengi kule wameiacha wakalima dengu. Wanawake waliokuwa tayari kuamsha ukoo mzima, mzee mmoja baada ya mwingine, ili mtoto mmoja apate usingizi, sijui nitawapata wapi tena.

Jana mama alipiga simu kuuliza kama mjukuu wake analala. Nikamwambia analala vizuri. Akasema taratibu, "Hata hivyo, tungempa jina la bibi yako." Sikubishana. Leo asubuhi nimemlowesha binti yangu paji la uso, nikalitamka jina lile ambalo nilikuwa sijalitamka kwa sauti tangu msiba. Alicheka kwa sababu ya maji, na alipogeuka kunitazama nilishindwa kujizuia. Mtoto hakuwa akilia. Aliyekuwa analilia jina nilikuwa mimi.