Mama Aliyenitafsiria Picha ya Kihindi Kakuma

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, ili nikifika katikati mniache niseme. Nimeshachekwa na pasta, nimechekwa na mume wangu, na daktari mmoja wa Kitale aliniambia nipunguze chai ya rangi. Sikuwa na homa siku ile. Sikuwa nimelala. Nililoliona nililiona, na barua zenyewe nilizishika kwa mikono hii.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali pale Lodwar. Nilitoka Bungoma na sanduku moja la bati, umri wangu miaka ishirini na mitatu. Joto la Lodwar aliyewahi kukaa huko analijua: unaanika nguo, na kabla hujaanika ya mwisho ya kwanza imeshakauka. Baada ya kazi hapakuwa na la kufanya ila kungoja giza liingie. Ndiyo maana sinema ilinishika kama maradhi.

Gari la sinema lilikuja mara moja kwa mwezi, likitaka kuja. Wenyewe walikuwa wanatangaza sabuni na dawa ya ng'ombe, lakini wakishamaliza matangazo walituwekea picha nzima. Shuka jeupe kati ya nguzo mbili, jenereta inanguruma, sisi tumeketi mchangani. Wazee wa Kiturkana walikuja na vigoda vyao vya mbao, vile wanavyovilalia kichwa, wakakaa nyuma kimya kama mahakimu.

Mwenzangu wa sinema alikuwa Rispa. Rispa alikuwa nesi, mtu wa Kisumu, na tulikaa naye nyumba moja ya vyumba viwili. Tulipika chungu kimoja. Nikiugua alinilisha kwa kijiko. Picha ikiisha tulirudi nyumbani tukibishana mpaka jirani agonge ukuta.

Nakumbuka picha moja ya fundi cherehani aliyeshona gauni la harusi la mwanamke anayeolewa na mwanaume aliyekuwa mchumba wa fundi huyo mwenyewe. Alishona, akatarizi, akafunga kwa karatasi, akapeleka. Mimi nilikasirika. Nilisema ningekuwa mimi ningelichoma lile gauni kwa pasi. Rispa alilia picha nzima, lakini unajua alimlilia nani? Alimlilia bibi harusi. "Na yeye alipenda," akaniambia. "Mtu akipenda afanye nini?" Nikaona ana roho laini. Niamini, sikuona zaidi ya hapo.

Nyingine ilikuwa ya Kizungu, daktari anamdanganya mzee mgonjwa kwamba mwanawe yuko njiani. Mimi na Rispa tulisema steringi, yule daktari, hana uso wa kulia, amekaza shingo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Lakini mwishoni mvua ilinyesha, mvua kweli kweli, majani yakainama na mfereji ukajaa. Basi wale wazee wa vigoda wakasimama wote, wakapiga makofi. Hawakujali mgonjwa amekufa au amepona. Walikuwa wanashangilia mvua. Mpaka leo nasema hao ndio waliotazama picha vizuri kuliko sisi.

Sasa nikwambie habari za Barasa. Barasa alikuwa mchumba wangu, fundi wa magari ya kujenga barabara, kambi yao ikiwa mbele ya Kakuma, njia ya kwenda Nadapal mpakani. Tulikuwa tumejulishana kwa wazazi. Kambini hapakuwa na posta, na Rispa alikuwa akienda Kakuma na gari la kliniki kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo nilimpa yeye barua zangu. Nani mwingine ningempa?

Barua zikaenda. Majibu hayakuja. Mwezi wa kwanza nikasema kazi nyingi. Mwezi wa pili nikaacha kula vizuri. Mwezi wa tatu Rispa alirudi kutoka Kakuma, akavua viatu, akaketi kitandani kwangu, akanishika mkono.

"Dada yangu," akasema, "acha kuandika. Nimemwona. Ana mwingine."

Tulilia pamoja usiku ule. Yeye ndiye aliyelia zaidi.

Wiki chache baadaye ofisi ilinipeleka Kakuma siku nne, kupiga taipu za mkutano wa wakubwa. Kakuma wakati huo ilikuwa maduka machache, misheni, kituo cha polisi na miti ya miiba kando ya laga, yaani ule mto wa mchanga. Barasa sikumtafuta. Mtu amekukataa, unamtafuta umwambie nini? Lakini siku ya nne, jioni, nikasikia kipaza sauti. Gari la sinema limefika. Miguu ikanipeleka yenyewe.

Picha ilikuwa ya Kihindi, haina tafsiri ya lugha yoyote. Nilikaa pembeni, mbali kidogo na watu, nikitazama nguo na milango mikubwa ya nyumba zao. Ikaanza tu, mama mmoja akaketi kulia kwangu. Alikuwa amevaa gauni la kijani na kitambaa kichwani. Alinukia sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Akasema, "Mwanangu, wewe husikii wanachosema. Nikutafsirie?"

Alikuwa na Kiswahili safi, na pale Kakuma kila mtu aliongea cha kuokoteza, hata sisi wa ofisi. Nikafurahi. Nikamwambia, "Tafadhali, mama."

Akaanza. Kule kwenye shuka kulikuwa na wasichana wawili bustanini, mmoja amevaa nyeupe. Yule mama akasema, "Hawa wanakaa nyumba moja. Huyu wa nyeupe ni mchukuzi wa barua za mwenzake. Anasema, nipe, nitamfikishia."

Nikacheka kidogo. Nikasema, mambo kama yangu.

Hakucheka. Akaendelea kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma. "Sasa anamwambia yule mwanaume, mwenzangu amechumbiwa na bosi wake ofisini, wewe unangoja nini. Sasa anarudi nyumbani, anamwambia msichana, nimemwona, ana mwingine."

Nikatazama shuka. Watu walikuwa wanacheza ngoma kando ya bwawa, kuna tausi anapita. Hapakuwa na mwanaume. Hapakuwa na nyumba. Niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilibaki nimeketi, nikisikiliza.

"Barua hakuzichana," akasema. "Ana woga wa kuchana maandishi ya mtu. Amezitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo liko chini ya kitanda chake, limefungwa kwa skafu yake ya kanisani. Huyu namjua tangu siku anazaliwa. Alikuwa akichukua vya watu, kisha anavilinda."

Hapo nikageuka kumtazama usoni. Mwanga wa mashine ulikuwa unampiga. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto akielekeza shukani, na kidole chake kidogo kilikuwa kimesimama peke yake, hakikunjiki. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake haikuwa na kilio hata kidogo.

"Mama," nikasema, "wewe ni nani?"

Mkanda ukakatika. Fundi wa sinema akawasha taa ya gari ili auunge. Nilikuwa nazungumza na mchanga. Na mchanga wenyewe ulikuwa laini, jioni ile upepo ulikuwa umeusawazisha kama unga. Mahali pangu palikuwa na shimo la makalio na alama za visigino. Pale kulia palikuwa sawa kabisa.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye kigoda akainama. "Ejok, mama," akanisalimu kwa lugha yao. Kisha akauliza, "Wewe naongea na nani? Mimi naona wewe peke yako tangu sinema naanza."

Nilisimama nikaenda misheni, kwenye chumba nilichopewa; mlango wake haukufungika, na sikupata usingizi.

Nilifika Lodwar kesho yake saa nane mchana. Rispa alikuwa kazini. Sikuvua hata viatu. Niliingia chumbani kwake, nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda. Kopo lilikuwepo. Skafu ilikuwepo, ile ya bluu niliyozoea kumpigia pasi Jumapili. Ndani mlikuwa na barua zangu saba, na za Barasa nne. Nne! Nilizisoma pale pale sakafuni. Ya mwisho alikuwa ananiuliza kama ni kweli habari za bosi wangu.

Rispa aliporudi alinikuta nimeketi mezani, barua ziko mbele yangu kama karata. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Nani amekuambia?"

Angesema "nisamehe" labda ningeanguka tukalia. Lakini aliuliza hivyo. Basi nikamwambia yote: gauni la kijani, sabuni, tafsiri, kidole. Nilipofika kwenye kidole alitafuta kiti, akakikosa, akaketi chini.

"Selina," akasema. "Huyo ni Selina. Dada yangu mkubwa. Alikuwa yaya kwa Wahindi kule Kisumu, ndiko alikojifunza lugha. Tulipokuwa wadogo alitupeleka sinema akatutafsiria." Akafunika uso. "Tulimzika mimi nikiwa darasa la saba. Dada yangu mwenyewe amenisaliti."

Umesikia neno hilo? Yeye ndiye aliyesalitiwa!

Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nani yako?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpenda kabla sijakujua vizuri. Kisha nikakujua, na sikuweza kumwacha."

Usiku huo nililala kwa jirani. Lakini moyoni nilikuwa na furaha fulani, ninakiri. Nilijua nani mbaya na nani mwema. Ijumaa nikapata lori la mafuta lililokuwa linapanda Kakuma, nikabeba zile barua zote kifuani, nikaenda kumrudishia Barasa maisha yetu.

Nilimkuta kambini chini ya trekta, mafuta hadi kwenye viwiko. Alitoka, akafuta mikono kwa muda mrefu sana. Nikampa zile saba. Alizishika, hakufungua hata moja.

"Soma basi," nikamwambia. "Hukuwahi kuzipata."

Akatazama kule magari yalipoegeshwa. "Moja nilipata," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Mara moja, Rispa alipokuwa na malaria, nilimpa barua dereva wa lori. Ilifika. Barasa aliisoma, akaona bado namngoja, akajua bosi ni uongo, akajua kila kitu.

"Kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa nimeshazoeana na Rispa," akasema. "Nikaona tukinyamaza, wewe mwenyewe utachoka. Ningekuja nikuambie nini?"

Nyinyi mnaonisikiliza, yule mama aliniambia habari za kopo, za skafu, za bosi, mpaka za woga wa kuchana karatasi. Hili hakuniambia. Nimejiuliza miaka yote. Hakulijua? Au alilijua akaniacha nisafiri na barua kifuani, nikidhani naenda kuokoa kitu? Nilimlilia Rispa, nikamlilia Barasa, lakini uchungu wa yule mama ni wa namna yake. Alianza kunisomea ukweli, akafunga kitabu kabla ya ukurasa ulionihusu.

Niliomba uhamisho, nikapelekwa Kakamega. Wale wawili walioana. Nasikia wana watoto watano na kwamba Rispa hawezi kuketi gizani na watu wengi. Mtoto wao wa kwanza wa kike wamempa jina la Selina. Mimi niliolewa na mtu mwema asiyependa sinema, na nikienda naenda peke yangu. Naketi kiti cha mwisho kwenye ukuta, na kile kingine cha pembeni naweka mkoba wangu. Picha ya lugha nisiyoijua siitazami kabisa. Mara mbili nimejaribu, na mara mbili, kabla ya dakika kumi, nimesikia harufu ya sabuni ya kipande. Nilitoka mbio, watu wakanizomea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa mahali penye giza, na mgeni akaketi karibu nawe akajitolea kukueleza unachokitazama, mkatae kwa adabu. Usimkatae kwa sababu atakudanganya. Mkatae kwa sababu huenda kila neno lake likawa kweli, ukamwamini, ukaacha kujiuliza ni nini amekuficha.