Zamu ya Mwashi

Hebu mwone mwalimu Ursula akishuka kwenye bodaboda, vumbi la kijiji cha Gwata limempaka mpaka nyusi, begi la kompyuta kalikumbatia kama mtoto mchanga. Anaishi Tangini, mjini, lakini kazaliwa Maneromango, kwa wakulima, watu wa kanisani. Anasomea shahada ya uzamili, na utafiti wake ndio huu: kwa nini watoto wa wafugaji wa Kisukuma wananyamaza darasani, na mwalimu afanye nini ili nao wasikike.

Akaanzisha jambo zuri, ndugu zangu. Kila asubuhi mtoto mmoja anasimama, anawasimulia wenzake habari za kwao. Mzee Masumbuko, mfugaji, alimruhusu binti yake Mwashi asimulie, kwa sharti moja tu: mambo ya zizini yasitoke zizini. Yakitoka, shule basi, binti ataolewa.

Ikafika zamu ya Mwashi. Wenzake walishazoea kumwita Mtindi, na sauti yake hakuna aliyeijua. Akaanza polepole, kisha akafunguka. Akawataja ng'ombe kwa majina, akaeleza walivyohamishiwa bondeni nyuma ya msitu, na kwamba kaka zake wawili ndio wanaowalinda. Darasa likapiga makofi. Ursula machozi yakamlengalenga.

Sasa, mwezi ule mahindi ya watu yalikuwa yameliwa, na wakulima walikuwa wakiwasaka ng'ombe hao bila kuwaona.

Mchana, watoto waliokwenda kula nyumbani waliporudi, akaja Alfonce, baba wa mwanafunzi mmoja, ambaye shambani kwake halikubaki hata bua. Akasalimia kwa adabu, akalisifia somo. Wenzake wamekaa juu ya pikipiki getini.

"Mwalimu, wewe ni wa kwetu," akasema. "Leo watoto wa wafugaji wachelewe kutoka. Wasiwe njiani."

"Njiani kuna nini, kaka Alfonce?"

"Somo tu, mwalimu. Na sisi tunakwenda kujifunza habari za kwao."

Akacheka, akaondoka. Pikipiki zikashika njia ya msitu.

Ursula akampigia mtendaji wa kijiji, simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia Masumbuko, akamwambia wakulima wako njiani, awatoe vijana bondeni upesi. Kisha sauti ya mzee ikaja, nzito, bila haraka.

"Nitawatoa. Lakini bonde lile tunalijua sisi wa nyumbani tu. Nani kawaambia?"

Mwashi alikuwa kasimama mlangoni pa ofisi, anatabasamu, amekuja kuuliza zamu yake itarudi lini.

Ungekuwa wewe umeishika simu ile, ungemjibu nini mzee?