Mama Deki Apewa Onyo kwa Kuzungumza na Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, kliniki ya wajawazito. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anaegemeza dekio ukutani, anavua glavu, anaanza kuzungumza kwa mikono na mama mjamzito aliyeketi benchi la nyuma. Anakosea alama moja. Mjamzito anacheka, anamshika vidole, anamrekebisha.

Kwa mazungumzo kama haya, mfanyakazi huyu wa usafi, ambaye hospitali nzima humwita Mama Deki, ana barua ya onyo.

"Wameandika eti nachezacheza na wagonjwa," anasema. "Mtu mzima mimi."

Alianza kujifunza lugha ya alama miaka miwili iliyopita, mwanawe alipooa binti kiziwi. "Mkwe ananikaribisha vizuri, halafu tunabaki kutazamana kama sanamu. Niliona aibu."

Darasa ni Jumamosi, kwa muda wa saa mbili tu. "Kule unafundishwa 'huyu ni paka'. Nani ana habari za paka? Lugha nimeipatia jikoni kwa mkwe wangu, tunamenya vitunguu, ananicheka mpaka basi."

Mwezi uliopita alimkuta mjamzito huyu benchini saa saba mchana. Alikuwa hapo tangu saa moja asubuhi. Jina lake liliitwa mara tatu, kwa mdomo, kisha faili lake likawekwa chini kabisa. Mama Deki akamuuliza kwa mikono ana shida gani. Akajibiwa: mtoto hachezi tangu jana.

"Nilimshika mkono, nikaingia naye kwa daktari bila hodi."

Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yamefifia. Mjamzito alilazwa siku nne, mimba ikanusurika. Siku ya tano barua ikamfikia Mama Deki: ameacha kituo chake, ameingilia kazi isiyomhusu.

"Kila mtu afanye alichoajiriwa," msimamizi wake alimwambia.

"Sawa. Aliyeajiriwa kuongea na viziwi ni nani? Nionyesheni, nirudi kwenye ndoo yangu."

Hayupo. Wafanyakazi zaidi ya mia tatu, hata mmoja hayupo.

Mama Deki amejiandikisha kufanya mtihani wa ukalimani. Lakini mjamzito anatarajia kujifungua mwezi huu, na amemwomba awe karibu.

"Nimechukua likizo yangu ya mwaka. Nitaingia naye kama ndugu yake," anasema. "Atakayenizuia, aje amweleze yeye mwenyewe, kwa mikono."