Stabilizateri kwa Macho ya Kambo

Dada yangu mkubwa hana aibu, na ninasema hivyo nikimsifu. Mtu mwenye aibu hawezi kucheza kinyumenyume katikati ya duka la simu, mchana kweupe, wateja wote wakimkodolea macho.

Tulikuwa tumeingia duka lile, hapa Kolwezi, kutafuta stabilizateri, ule mkono wenye mota unaoshika simu na kuituliza wakati mpiga video anatembea. Mdogo wetu wa kike alikuwa anaolewa, na kazi ya video nilipewa mimi kwa sababu moja tu: simu yangu ilikuwa nzuri kuliko za wengine. Ujuzi sikuwa nao hata chembe. Siku ya mahari nilipiga video, kisha nikaipeleka mwenyewe Mutshatsha kwa kambo, bibi yetu aliyetulea sote. Miguu yake imevimba na safari haiwezi tena. Aliiangalia kidogo tu, akafumba macho.

"Zima, mutoto wangu. Kichwa inanizunguka."

Nilipoitazama tena nikaona ana haki. Kila nilipopiga hatua, watu wote kwenye picha waliruka pamoja nami. Kambo hakunilaumu. Alifungua sanduku lake akatoa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

"Hii kikwembe njo bataanza kutandika," akasema. "Mi nataka nimuone akiikanyaga."

Kwetu bibi-arusi akifika kwa wakwe zake hakanyagi vumbi. Mashangazi humtandikia vitenge kutoka mlango wa gari hadi mlango wa nyumba, na katika ukoo wetu cha kwanza hutoka kwa yule aliyemlea. Hakuna mguu mwingine unaotangulia juu yake. Kambo angemwona mjukuu wake akikanyaga kitenge hicho kwa njia ya video yangu peke yake, na kama ingemzungusha kichwa tena, asingeona kitu. Roho iliniuma njia nzima ya kurudi.

Basi, dukani. Muuzaji alianza na stabilizateri kubwa, nyeusi, ya kamera za mafundi, ina vitufe kila upande. Niliitamani papo hapo, ingawa kamera yenyewe sikuwa nayo. Dada akaipokea, akaipandisha na kuishusha.

"Mukono yako itachoka mbele ya bibi-arusi kushuka mu motokari," akaniambia, akairudisha.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kukunja, ya bei ya chini kabisa, na muuzaji aliisifu mpaka povu likamtoka. Dada akafunga simu yangu juu yake, akatuomba tupishe njia. Hapo ndipo alipoanza kucheza. Mnielewe, hii ndiyo shughuli yake: kanisani kwetu Dilala yeye ndiye anayefundisha wasindikizaji wa maharusi jinsi ya kuingia, zile hatua za taratibu zinazochosha wageni wenye njaa. Aliimba kwa sauti kamili, akarudi nyuma kutoka kaunta kuelekea mlangoni, mabega yakicheza. Hajafika mbali, simu ikainama mbele, mota ikaanza kutetemeka. Simu yangu pamoja na kava lake nene ilikuwa nzito mno kwa kile kimkono.

"Tata, hii yako inasinzia," akamwambia muuzaji. Watu wakavunjika mbavu.

Ya tatu ilikuwa imeshatumiwa na mtu, mpini umechubuka rangi. Dada akacheza nayo tangu kaunta hadi barabarani, na simu haikuinama. Tukaitazama video: muuzaji anacheka, rafu zinakwenda mbali polepole, hakuna kinachoyumba. Ila picha nzima ilipanda na kushuka kidogo.

"Ile ya juu na chini, mama, mashine haiwezi kuimaliza," muuzaji akasema. "Ile ni ya magoti."

"Magoti nitamufundisha mi."

Muuzaji akatupunguzia bei bila kuombwa sana, nadhani kwa ajili ya ile ngoma. Jioni dada alinitembeza kinyumenyume uani kwetu, magoti nimekunja, na kila kichwa changu kilipopanda alinichapa kofi la utosini. Majirani walikuja na viti vyao. Nilichukia, kisha nikazoea, kisha nikajiona fundi.

Siku ya harusi, huko Musonoi kwa wakwe, gari likasimama na mashangazi wakatandaza vitenge juu ya changarawe, cha kambo mbele ya vyote. Nikaanza kurudi nyuma kama nilivyofundishwa, magoti laini, macho kwenye simu. Kumbe uani kwetu tulikuwa tumefanya mazoezi bila kutandika kitu! Kisigino changu kilikuwa tayari hewani juu ya kitenge cha kambo, na bibi-arusi hajatoa mguu garini, mashangazi walipopiga yowe.

"We! Usikanyage ya bibi-arusi!"

Nikahisi mkanda wangu unavutwa. Alikuwa dada, na gauni lake la sherehe na viatu vyake virefu, amenishika kiunoni kutoka nyuma. Alinitoa pembeni, akaniongoza njia yote kando ya vitenge, juu ya mawe. "Kushoto. Iko jiwe. Magoti, magoti!" Sikugeuka hata mara moja kuangalia ninakokwenda. Sijui mtu mwingine ambaye ningemwachia mgongo wangu hivyo.

Nilipofika Mutshatsha kambo alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Niliegemeza simu kwenye bakuli mbele yake. Alifumba macho kwanza, kwa woga, kisha akafungua moja, kisha la pili. Mlango wa gari ukafunguka. Mguu wa mdogo wetu ukashuka juu ya kitenge, kisha mwingine, akaanza kuja, taratibu, gauni likijaza kioo cha simu.

Kambo hakusema kichwa kinamzunguka. Aliinama, akashika miguu yake iliyovimba kwa mikono miwili, akaisogeza pembeni mwa mkeka, mmoja baada ya mwingine.

"Pita, mama," akamwambia.